Sikio la Ministro

Asubuhi ile Zulma aliamka kabla ya mumewe, akachochea jiko la kuni, akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, majani yao ya kunywa kama chai. Hakunywa kwanza. Alikiegemeza kibuyu kwenye sikio la paka mpaka likapata joto, maana sikio la baridi halitoi damu, na baridi ya mji wa Paysandú haina huruma na sikio la yeyote.

"Mshike vizuri, mzee," alimwambia Wilmar. "Unamshika kama mwizi."

"Mwizi gani ana makucha haya?"

Paka huyo walimwita Ministro, yaani Waziri, kwa kuwa tangu azaliwe hakukamata panya hata mmoja, na bado alinenepa. Kisukari kilipompata, daktari wa mifugo alisema huyu ni wa kuchomwa sindano maisha yake yote, ama alazwe usingizi wa moja kwa moja. Zulma, aliyekula jasho la kushonea watu mashati, alijibu kwamba sindano si mgeni kwake. Hakuwa na maneno ya mapenzi. Akikupenda alikulisha, akikupenda zaidi alikugombeza.

Alitoboa ukingo wa sikio. Likatoka tone dogo kama kichwa cha pini, akaligusisha kimashine cha kupimia sukari. Namba ikaja. Aliitazama kwa muda, amekaza macho.

"Nzuri," alisema. Lakini mkono wa kushoto aliuficha chini ya meza, na Wilmar aliona akiusugua kama uliokufa ganzi.

Nelly, jirani yao, akaingia bila hodi. "Jamani, huyu Ministro anapimwa damu kuliko mimi mwenye presha!"

"Basi lete sikio, shoga."

Wakacheka. Ministro akainamia sahani, na Zulma akamchoma sindano mgongoni akiwa na tonge mdomoni. Ndivyo alivyozoea, asimuumize. Paka hajafikia tonge la pili, sahani ikaanguka, na Zulma akaanguka nayo.

Gari la wagonjwa lilipokuja, Nelly ndiye aliyepanda naye, maana yeye anaweza kusoma karatasi za hospitali. Wilmar alibaki kutafuta gauni la kulalia na kufunga nyumba. Akafagia vigae vya sahani pamoja na nyama. Dawa ilikuwa imeingia, chakula hakikuingia. Hilo hakuna aliyelikumbuka.

Alikuwa mlangoni na mfuko mkononi aliposikia kitu kikigonga mguu wa meza. Ministro alikuwa anapepesuka kama mlevi, macho wazi, haoni. Wilmar akarudi. Akapasha sikio kwa kibuyu, akatoboa kama alivyoona ikifanywa. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika LO.

Kwa lugha ya kule, lo si neno la mshangao. Ni kijineno kinachotangulia jingine, kama mtu aliyesema "lile" kisha akakatika. Wilmar, ambaye herufi huzivuka moja moja kama mawe ya mtoni, alikaa akingoja kimalize. Lo nini? Hakutaka kujua, na hakuthubutu kuondoka. Paka akalala ubavu, akaanza kurusharusha miguu. Jiko likazima.

Simu ikalia. Nelly.

"Mzee, uko wapi wewe? Njoo upesi, mkeo anakuulizia!"

"Siwezi. Paka anakufa. Kimashine kimeanza kusema lo, kikanyamaza. Nangoja kimalize."

"Unangoja nini? Mungu wangu, mzee…"

Akasikia simu ikikwaruza nguo, ikipokezwa. Kisha pumzi za Zulma, fupi fupi.

Alifanya alivyoambiwa. Paka alinyanyua kichwa, akajilamba, akadai chakula. Wilmar alipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Watu humuuliza marehemu aliaga vipi, aliacha neno gani la mwisho. Labda wanatarajia sala. Yeye huwaambia kama lilivyo, bila kuongeza:

"Usingoje, Wilmar, hakina neno lingine, sukari imemwishia. Mpake asali ufizini, na akikuuma, mwache akuume."