Sanda Isiyo na Mfuko

Siku hiyo Gaudiosa, fundi wa nguo kutoka Bukoba, hakugusa cherehani. Sanda ya Shoshana ilitakiwa kushonwa kwa mkono, kwa kitani cheupe, bila fundo hata moja la uzi. Ndivyo Naomi, binti wa marehemu, alivyomweleza kwa simu huku akilia. Mwili ungesafirishwa jioni kwenda kuzikwa Israeli, maana dini yao hairuhusu kuchoma maiti, wala haipendi izikwe kwa kuchelewa.

Shoshana, Myahudi mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akinunua nguo za jumla kwenye soko la Shahe, huko ugenini kwa Wachina, na kuzileta mtaani Dengfeng kwa Gaudiosa zirekebishwe.

“Wewe ni fundi ama chungio? Vidole vimejaa matundu!” alimtania siku moja, akamletea subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole.

“Na ubahili wako, umeleta moja tu!”

Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Sasa Gaudiosa alisimama kwenye korido ya chumba cha maiti, sanda mikononi. Ndani, wanawake wa Kiyahudi walikuwa wamemaliza kumwosha marehemu. Naomi akatoka, blauzi yake imechanwa kifuani kwa msiba. Akaipapasa sanda, mkono ukasita.

“Shangazi, hii ni nini?”

“Kimfuko, mwanangu. Nimemwekea ile subana, asinisahau.”

Naomi akainamisha kichwa. “Sanda yetu haina mfuko. Tajiri na maskini wote wanaondoka mikono mitupu. Samahani, sikukuambia. Tafadhali ufumue, wanangoja.”

Gaudiosa akaketi kwenye benchi, akafumua. Machozi yalimzuia kuona uzi.

“Basi niingie nimuage. Nimwone uso tu, kama kwetu.”

“Hatutazami uso, Shangazi. Yeye hawezi tena kututazama.”

“Hata mimi?”

“Hata mimi mwanawe.”

Gaudiosa akasimama, akaikunja sanda. Mlango ukafunguliwa kidogo, mkono ukapokea sanda, mlango ukafungwa. Naomi alimshika bega, kisha akaenda kusimamia gari.

Gaudiosa akabaki peke yake, subana kidoleni. Pale palipokuwa na mfuko, kitani kilikuwa kimebaki na vitundu vidogo vya sindano. Vitundu hivyo hakuna aliyemwambia aviondoe.