Siku Bibi Yako Alipotupa Pole ya Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, uani kwetu Masuguru, hapa Korogwe, gari letu likiwa jeusi kama chungu kilichosahauliwa motoni, na wewe nimekubeba mgongoni.

Hiace ile baba yako aliinunua ili tufuate minada. Tulikuwa tunauza vyombo vya ndani, na mnada wa Chanika, kule Handeni, huchangamka mapema mno kwa mtu anayetoka Korogwe. Basi akamwita fundi, wakang'oa viti vya nyuma, wakaweka kitanda chenye droo chini, mapazia, na pembeni mtungi mdogo wa gesi. Siku za mnada tulilala humo, siku nyingine tulilala kwenye chumba chetu. Nililipenda gari lile, nisikufiche. Nilikuwa nalifagia kama sebule.

Tulipokwenda kukata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako likiungua, wakala aliuliza gari linafanya kazi gani. Baba yako akajibu kwamba ni la kutembelea tu. Kabla wakala hajalipiga picha tulitoa kitanda, tukarudisha viti, godoro nikalihifadhi kwa jirani. Alisema wakijua tunalala na kupika humo watatusumbua. Mimi unanijua, mbele ya watu wa ofisi ulimi huwa mzito. Nilinyamaza.

Picha zilipokwisha tukarudisha kitanda na jiko. Kisha, siku moja ya mnada, mpira wa gesi ukavuja. Nilikuwa nimeshuka na wewe kuteka maji, baba yako akawasha jiko apike chai. Alitoka salama, nyusi tu ndizo zilizoungua. Gari na bidhaa zote viliteketea tukitazama, na kilichobaki kikavutwa hadi nyumbani.

Mkaguzi wa bima alikuja, kijana mpole mwenye shati jeupe. Baba yako akamweleza kwamba moto ulianzia kwenye waya. Kijana anaandika, anaitikia. Nikaanza kupumua.

Hapo ndipo bibi yako mzaa baba alipoingia kutoka Mpale, na wenzake wawili. Kwetu mtu akiunguliwa nyumba watu hawaji mikono mitupu. Walibeba mkeka, sufuria, shuka, na unga wa mahindi kwenye ndoo. Hawakuja mlangoni kwetu. Walikwenda moja kwa moja kwenye gari, wakaviweka chini mbele ya mlango wake.

"Poleni wanangu kwa kuunguliwa na nyumba," bibi akasema.

Kijana akaacha kuandika. "Shikamoo bibi. Nyumba ipi?"

"Marahaba, baba. Si hii hapa? Mimi mwenyewe nimelala humo nilipokuja kumwona mjukuu. Godoro lao laini kuliko langu, na chai wakanipikia humo humo."

Baba yako alitazama viatu vyake. Kijana akainama, akaokota kwenye majivu kichwa cha jiko la gesi, akakigeuzageuza. Hakufoka. Alisema tungeeleza ukweli tangu mwanzo, wangetuelekeza tubadilishe matumizi ya gari kwenye kadi yake na fundi akague gesi, ndipo waone namna ya kulikatia bima gari linalolalwa. Pengine tungelipa zaidi kidogo.

"Gari tulilolikatia bima lina viti," akasema. "Hili silijui."

Alipoondoka, nasi tukijua hatutalipwa, bibi akauliza kama amekosea. Baba yako aliketi kwenye ule mkeka, akaipakata ile shuka.

"Hapana, mama. Umesema lililokuwa langu kusema."

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Siku ukiwa na gari lako na ukataka kulifanya mahali pa kulala, usimwache wakala aishie dirishani. Mwingize ndani. Mwonyeshe kitanda, mwonyeshe mtungi, umuulize bima yake inalinda nini na inaacha nini. Ukijikuta unabeba godoro kwenda kulificha kwa jirani, simama hapo hapo, ulirudishe. Na ukiwa na haya kama mama yako, sema hata kwa sauti ndogo. Siku ile sauti ndogo ingetutosha.

Mungu akupe mahali pa kulala usipohitaji kupaficha, na kama pana magurudumu chini yake, akulinde njiani, akulinde na moto, na watakaokuja mlangoni kwako waje kwa furaha. Amina.