Jumapili za Mama Kisiwani

Nilipokuwa msichana mdogo kisiwa hicho hakikuwepo. Kilitokea baada ya mvua za El Niño, mto ulipofurika ukajichimbia njia ya pili nyuma ya migunga. Maji yalipopungua tuliona kipande cha ardhi kimebaki katikati, na mchanga mweupe umelala pande zote mbili. Sisi watu wa Kitengela tulizoea mto wa matope, wa kunyweshea ng'ombe. Sasa tulikuwa na ufuo. Vijana wakapaita Bichi, na haikuchukua muda watu wa Nairobi wakapajua. Jumapili magari yalijaa ukingoni, nyama ikichomwa, watoto wa mjini wakirushiana maji.

Mama hakuwa mtu wa kwenda mahali kama hapo. Alikuwa na kuku wake, sukuma wiki yake, na kanisa. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mvua hizo, na kaka zangu walikuwa wamehamia Nakuru na familia zao. Nilibaki mimi. Nilifanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja kule Industrial Area, nikitoka kabla ya jua na kurudi giza limeingia, kwa hiyo siku yetu ilikuwa moja tu. Jumapili tukitoka kanisani tulipika pamoja, halafu nilikaa chini kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda, akanisuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, lakini sikuwahi kuona haya kukaa pale.

Rafiki yake alikuwa mama Msomali aliyekuja kutoka Wajir na mumewe, mfanyabiashara wa mbuzi. Yeye aliuza vitambaa katika duka dogo karibu na steji ya matatu, na Mama alimpelekea mayai. Baba alipofariki, mama huyo alifika kwetu na birika kubwa la chai ya viungo, akakaa kando ya Mama bila kusema neno, maana Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kidogo. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Kuanzia hapo waliitana abaayo, neno ambalo kwa Wasomali ni dada. Mama, ambaye hakuwahi kujifunza lugha ya mtu yeyote, alilitamka kama amezaliwa nalo.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamtafuta Mama nisimwone. Mwanamke mmoja wa kwaya aliniambia, "Amepita na yule rafiki yake. Wameenda Bichi."

Nilidhani ananitania. Nilienda nyumbani nikawasha jiko, nikapika, nikangoja. Mama alirudi jua likizama, pindo la sketi limelowa.

"Chakula kimepoa," nikamwambia.

"Tumekula huko. Abaayo alibeba sambusa."

"Mlikuwa mnafanya nini Bichi?"

"Kukaa," akasema, akaenda kufungia kuku.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Nilikwenda kusukwa saluni mjini, kwa makusudi, ili aumie. Ilimchukua siku kadhaa hata kuona. "Wamekaza sana hapa mbele," alisema akinigusa kwenye paji, kisha akaendelea kuchambua mchele. Niliumia mimi.

Mwishowe nikawafuata. Nilivuka kwa kukanyaga mawe, maji yakinifika kwenye vifundo, nikapita kelele za watu wa Nairobi hadi upande wa juu wa kisiwa, ambako matete yalikuwa yameota mengi na wanaume hawakufika. Niliwakuta hapo. Mama alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, yeye ambaye alilala nacho. Miguu yake ilikuwa imenyooka ndani ya maji. Abaayo alikuwa kando yake, amekunja gauni mpaka magotini, anacheka. Na katikati ya magoti ya Mama alikaa binti wa abaayo, msichana wa darasa la nane, nywele zake ndefu ziko wazi, Mama anamsuka.

"Umekuja," Mama akasema, na kweli alifurahi. "Kaa hapa." Alinionyesha mchanga kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nilikaa. Abaayo akanipa sambusa, nikaila, ilikuwa tamu, na hilo nalo likanikera.

Tulikuwa bado tumekaa wakati mchungaji mmoja Mmaasai alipotokea ukingoni na ng'ombe wake. Alimsalimia Mama, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kama alivyozoea. Kisha mchungaji akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mvua imenyesha huko juu Ngong. Maji inakuja. Kama bado hamjatoka, sasa msitoke."

Kwetu mbingu ilikuwa kavu. Lakini upande wa chini tulisikia watu wakikimbilia magari, na mawe niliyokuwa nimeyakanyaga yalikuwa yameshapotea. Maji yalibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, yakapanda mchangani polepole, yakibeba matawi. Tulisogea hadi katikati ya kisiwa, kwenye mgunga mkubwa. Abaayo alianza kuomba dua kwa sauti ya chini. Msichana akatetemeka, na Mama akamkumbatia akaanza kumsimulia.

Alimsimulia mto wa kwao Murang'a. Alimwambia jinsi alivyokuwa akitoroka shamba la kahawa na kwenda kuogelea na wavulana, jinsi alivyoweza kuvuka na kurudi bila kupumzika, na jinsi nyanya yangu alivyomchapa kwa kuwa nguo zilimsaliti kwa kulowa. Msichana aliacha kutetemeka. Aliuliza hiki na kile, na Mama akamjibu yote.

Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote bila kujua kwamba anaweza kuogelea.

"Mama, hujawahi kuniambia hayo," nikasema.

"Hujawahi kuniuliza."

"Na huyu aliuliza?"

"Huyu anauliza kila kitu."

Abaayo alinitazama, nafikiri alielewa zaidi ya Mama. Alivua shuka yake akanifunika mabegani. "Kuna baridi," akasema. Shuka ilinukia udi. Nilitaka kumrudishia, lakini kweli nilikuwa nasikia baridi.

Maji yalianza kushuka jioni. Mchungaji alivuka na fimbo yake kupima kina, akatutoa. Mama alivuka amemshika msichana mkono. Mimi nilishikwa na mchungaji.

Nyumbani Mama alinichemshia maji ya miguu. Alipoinama kuweka karai ikanitoka: "Unampenda yule mtoto kuliko mimi."

Hakukasirika. Alifikiri kwanza. "Wewe nilikulea nikiwa na kazi," akasema. "Yule nimempata nikiwa na nafasi." Akamimina maji. "Si makosa yako, na si makosa yake."

Hakusema kwamba ananipenda mimi zaidi. Nilingoja aseme, maji yakapoa.

Baadaye malori yalianza kuja kuchota mchanga wa kujengea, maana Kitengela yote ilikuwa inajengwa. Yalichota ufuo wa huku, yakachota wa kule, na baada ya misimu michache kisiwa kilikuwa kimekatika kikawa mashimo. Abaayo na familia yake walihamia Eastleigh. Nasema ukweli, siku walipopakia vitambaa vyao nilihisi wepesi kifuani. Nilidhani sasa Jumapili zitarudi. Mama alibaki nyumbani, akapika nami, akanisuka nilipomwomba, na mara nyingi akasimama mlangoni akiangalia upande wa barabara.

Nilipopandishwa cheo kazini nilimpeleka Mombasa. Nilitaka aone bahari, mchanga usio na mwisho, na aone kwamba mimi pia naweza kumpeleka mahali. Tulikaa ufuoni asubuhi nzima. Alivua viatu, akaingiza miguu majini kidogo, akarudi akakaa.

"Ni kuzuri," akasema. "Ni kukubwa sana." Kisha akaniomba simu yangu.

Alipopatikana mtu wa upande wa pili, Mama alianza kucheka kabla hata ya kusalimia. "Abaayo, maji ya huku iko na chumvi," akamwambia, na wakaendelea kuzungumza, yeye akichora mchangani kwa kidole. Nilikwenda kununua madafu mawili, nikarudi, nikaketi pembeni kungoja amalize.