Mguu wa shangazi uliovimba bila jeraha, Gisenyi miaka ya tisini

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo poleni na majukumu.

Leo nimekaa nimekumbuka mbali, nikasema ngoja niandike kabla sijasahau. Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Sitii chumvi, na chumvi yenyewe ilipigwa marufuku nyumbani kwetu enzi hizo.

Ni stori ya shangazi yangu Zaina, mdogo wake baba, na mguu wake wa kulia. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka atanisamehe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Kigoma, tukafikia Gisenyi, mtaa wa Mbugangari. Mi nilikuwa binti nimemaliza shule, sina kazi. Baba akanipeleka kwa shangazi nijifunze cherehani.

Shangazi alikuwa mjane, fundi wa kike anayejulikana mtaa mzima. Alikuwa anashonea barazani, yeye na rafiki yake Mama Claude, kila mtu na cherehani yake ya kukanyaga. Shangazi Mwislamu, Mama Claude Mkatoliki. Mmoja akishona kanzu za Idi, mwingine anashona magauni ya komunyo, na midomo haipumziki.

Wakuu, nikifumba macho hadi leo naisikia ile baraza. Pedeli mbili zinagonga, harufu ya sambaza, wale dagaa wabichi waliotoka ziwani, wanawake wanapita na mizigo kichwani kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, na kurudi. Upande ule kulikuwa na vita, upande wetu ndiyo kwanza watu walikuwa wanaanza kulala usingizi. Lakini nguo zilikuwa zinashonwa. Watu hawaachi kuvaa.

Mi walikuwa wananicheka kwa Kiswahili changu. Nikisema "Shangazi, mteja amekuja kuchukua shati lake," Mama Claude anajibu, "Sha, huyu mutoto anaongea kama radio!"

Ile baraza naipenda mpaka kesho.

Sasa shangazi alikuwa na sukari. Aliijua, alikuwa na vidonge vyake, anameza akikumbuka. Chai alikuwa anakunywa bila sukari mbele yetu. Nyuma yetu sijui, Mungu ndiye anajua.

Siku moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, nikamwona anavua kiatu cha kulia na kushonea peku. Nikatazama mguu. Ulikuwa umevimba kuanzia kisiginoni hadi kwenye vidole, mwekundu, ngozi inang'aa.

"Shangazi, umejikwaa wapi?"

"Sikujikwaa. We unaona kidonda wapi? Haiko kitu."

Kweli hakukuwa na kidonda. Hakuwa na homa. Nikaugusa, nikaondoa mkono haraka. Ulikuwa wa moto, na ule wa kushoto ulikuwa wa baridi kama kawaida.

"Unauma?"

"Inauma kidogo, ndani ndani. Bon, mutu anakanyanga pedeli siku muzima, mguu isiume?"

Akaendelea kukanyaga.

Basi hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema ni jongo, aache nyama. Shangazi alikuwa anakula nyama mwezi kwa mwezi, sasa aache ipi? Mwingine akanong'ona kwamba amekanyaga kitu alichotegewa na mwenye wivu wa oda zake za Idi. Zahanati wakasema uchafu umeingia kwenye damu, akapigwa sindano. Uvimbe haukushuka hata kidogo.

Ndipo shangazi akajiandikia dawa yake mwenyewe.

Wanaoijua Gisenyi wanajua kwamba ukiifuata barabara ya ziwani, mbele kuna chemchemi za maji moto. Wenyeji wanaziita amashyuza. Mgongo ukiuma, watu wanakwenda kule. Goti likikaza, wanakwenda kule. Na mahali maji yanapochomoza yana moto kwelikweli, watoto wanachemshia viazi.

Kila mtu pale mtaani alikuwa na ndugu aliyeponea amashyuza. Kwa hiyo shangazi alipotangaza anakwenda, hakuna aliyeshangaa. Alikwenda kwa miguu, na mguu ule ule, mi nyuma nimebeba taulo na kikapu. Mwendo wa kutosha, wakuu, si hapo na hapo.

Tulipofika, watu walikuwa wameloweka miguu pembeni, kule maji yalikokwisha kupoa. Shangazi hakukaa nao. Akasogea juu, akatumbukiza mguu karibu na jicho la maji.

Akafumba macho. "Ayiii, iko tamu. Inaingia mpaka mufupa."

Mi nilitia kidole tu nikakirudisha kwa kelele. Mama mmoja aliyekuwa anafua akageuka, akaona, akapiga yowe.

"Yewe mama! Toa mguu! Unajipika!"

Shangazi akamtazama kwa mshangao kabisa. "Najipika wapi? Maji ni vuguvugu."

Tulimvuta wawili. Mguu ulipotoka ulikuwa umeiva juu ya vidole, na kabla hatujafika nyumbani malengelenge yalishatoka.

Hapo nikaogopa. Mguu uliovimba nilishauzoea. Ila mtu kuungua bila kujua kwamba anaungua, hilo sikuwahi kuliona.

Zahanati safari hii hawakuuma maneno. Mkubwa wa pale akasema mifupa huenda imeoza, atuandikie akakatwe chini ya goti kabla haijapanda. Shangazi akainuka. Alijifunika kitenge kichwani, akatoka nje akichechemea. Njiani akasema neno moja tu.

"Kesho munipeleke Goma. Wakisema kukata na kule, basi."

Goma alikuwepo daktari mzee aliyesifiwa kwa mifupa. Ndugu zetu wa upande ule wakatupangia.

Mpaka mpakani alipanda baiskeli, kwenye keria. Tulipovuka, tukakuta ndugu yetu ametuletea chukudu. Msioijua, ni pikipiki ya mbao isiyo na injini, ya kubebea magunia. Basi shangazi yangu, fundi maarufu, mwanamke wa heshima, akalazwa juu ya chukudu mguu umenyooshwa mbele, anasukumwa mjini mchana kweupe.

Wauza viazi wakapiga kelele: "Hiyo muzigo inauzwa ngapi?"

"Haujafika na pesa ya kuninunua!" akawajibu.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilijua tunampeleka kukatwa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Akamlaza, akamwinulia mguu juu ya mito, akatuambia tusubiri. Akaondoka kuhudumia wengine. Shangazi akaanza kunung'unika kwamba tumesahauliwa.

Aliporudi akatuonyesha. Wekundu ulikuwa umepungua sana.

"Munaona? Ingekuwa usaha ndani, wekundu haungeondoka kwa kuinua mguu tu."

Kisha akasema, "Mama, ufunge macho. Nikikugusa, uniambie."

Shangazi akafumba. Daktari akachukua kitu chembamba kama unywele wa brashi, akaanza kumgusa unyayo, kidole hadi kidole, kisigino, huku na huku. Shangazi kimya. Mi namtazama, natamani kumjibia.

Mwishowe shangazi akasema, "Docteur, sasa unaanza saa ngapi?"

"Nimemaliza, mama."

Shangazi akafumbua macho, akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Picha ya mifupa ilipotoka, akatueleza taratibu. Sukari ilikuwa imeua mishipa ya kuhisi. Mguu ukapata msukosuko mdogo, pengine kuteguka tu, ambao mtu mwingine angelia na kukaa chini. Yeye hakuhisi, akaendelea kukanyaga. Mifupa ya katikati ya mguu ikalainika, ikavunjika kidogokidogo, na kila siku anaivunja upya. Ule moto na uvimbe ni mwili unapigana kuitengeneza, na yeye anaibomoa.

"Donc, kukata haiko lazima," akasema. "Dawa iko moja. Haukanyange. Hata hatua. Haya malengelenge yakipona, tunatia plâtre, na unakaa mpaka joto iishe."

"Siku ngapi?"

"Miezi."

Wakuu, mi nilitaka kumbusu yule mzee mkono. Shangazi alikunja uso. Kwa kukatwa alishajiandaa, kwa kukaa hakuwa amejiandaa.

Malengelenge yalipona, Mungu saidia, bila kuoza. Akatiwa plasta nyeupe hadi karibu na goti. Tukarudi Gisenyi, tukamweka barazani, mguu juu ya gunia la vipande vya vitambaa.

Nje pale pana cherehani, na vitambaa vya watu vya Idi vimerundikwa. Mama Claude anashona zake, kaka kaka kaka, shangazi anaitazama pedeli. Hata kuning'iniza mguu alikatazwa, achilia mbali kukanyaga. Siku za mwanzo alikuwa anasali kwenye kiti, anatukana kidogo, anasali tena. Baadaye akaacha kutukana, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi.

Asubuhi moja natoka ndani na uji, namkuta ameinama. Ameshika makasi yake makubwa ya kitambaa, ameingiza ncha kwenye ukingo wa plasta, anakata. Alishakata urefu wa kiganja.

"Shangazi! Watakukata mguu!"

"Wakate! Fundi bila pedeli ni fundi gani? Niache!"

Nikashindwa. Namlilia, hasikii. Mama Claude ndiyo kwanza anaweka kiti chake, akageuka, akaona. Akarukia, si mguu. Alirukia makasi.

"Zaina! We uko na wazimu? Makasi ya kitambaa unakatisha plâtre?"

Shangazi akasimamisha mkono.

Mafundi wenzangu mtanielewa. Makasi ya kitambaa hayakati karatasi, hayakati kamba, hayakati nywele. Shangazi mwenyewe aliwahi kunifukuza barazani siku nzima kwa kukatia bahasha. Akayatazama yale makasi, yamejaa unga mweupe kwenye meno, na nikaona uso wake unavunjika.

Akalia. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza naona. Akasema anaogopa. Akasema hajui tena mguu ule ni wa nani, hausikii, haumwambii kitu, na sasa na mikono nayo imekaa bure.

Mama Claude akampangusa kwa kitenge chake. "Mikono iko. Mguu tutakukopesha. Nilipozaa Claude, nani alinikanyangia?"

Hiyo ilikuwa desturi ya pale barazani, mi sikuijua. Fundi akitoka kujifungua, siku ambazo mwili haujakubali, mwenzake anakaa kwenye kigoda cha pembeni anamkanyagia pedeli, yeye anaongoza kitambaa. Basi nikaitwa mi.

Kurudi Goma kuziba ile plasta tulirudi kesho yake, daktari akatusema hadi tukakosa pa kutazama. Halafu kazi ikaanza.

Shangazi anakaa upande, mguu juu ya gunia, mikono kwenye kitambaa. Mi kigodani, miguu yangu chini ya cherehani yake. Yeye anazungusha gurudumu, mi nafuata. "Enda." "Pole." "Simama, simama, simama!" Mwanzo nilikata nyuzi, nilipinda kola, karibu nimshone kidole. Alinitukana kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, na mi nilifurahi, maana matusi yalikuwa yamerudi.

Baada ya muda hatukuhitaji maneno. Akivuta pumzi najua tunafika pembeni ya mfuko. Akinyamaza najua mshono mrefu unakuja, tunaachia. Ufundi wangu wote niliupata hivyo, kwa miguu kwanza, mikono ikaja baadaye.

Idi ile kanzu zilitoka. Si zote, Mama Claude alichukua nusu. Watu wakazivaa, hakuna aliyejua zimeshonwa na wanawake wawili nusu nusu.

Plasta ilibadilishwa, ikabadilishwa tena. Kila ikitolewa, daktari anashika mguu huu na huu kwa viganja, anatikisa kichwa, anarudisha nyingine. Mpaka mara moja akashika, akaniambia nishike na mi. Yote miwili ilikuwa na joto moja.

Haukurudi kama zamani. Katikati ulilala, ukawa bapa kama mwiko. Fundi viatu wa soko la Mahoko akamtengenezea kiatu kipana cha ngozi na soli ya tairi, kibaya kuliko vyote duniani. Alikuwa anakivaa hata harusini.

Alishona miaka mingi baadaye, kwa miguu yake. Mpaka nikaolewa, nikahama, simu ikawa ndiyo baraza yetu.

Sasa nimalizie.

Wakuu, mi si daktari. Nasema nilichokiona tu. Mwenye sukari mguu ukivimba ghafla, ukawa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauna kidonda, hata kama hauumi sana, msiukande, msiuloweke maji moto, msimwambie ajikaze atembee. Akae chini, apelekwe hospitali, mseme wazi kwamba ana sukari. Kutoumia sana si nafuu. Kwa shangazi huko kutoumia ndiko kulikuwa ugonjwa wenyewe.

Shangazi alifariki akiwa mzee, kifua kilimbana, hakusumbuka siku nyingi. Nilifika mapema nikawa miongoni mwa waliomwosha. Mama mwosha maiti akaniuliza nataka kushika wapi, nikasema miguuni.

Nikamimina maji pole pole. Nikaosha wa kulia, ule bapa, nikapitisha kidole kati ya vidole vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Nililia kwa uchungu, na katikati ya uchungu nikamshukuru Mungu kwamba tunamzika na miguu yake yote miwili.

Karibuni mchangie. Nani amewahi kuona mguu wa namna hii kwao, na walifanyaje? Na kama yupo aliyekulia Mbugangari miaka ile, ajitokeze anisalimie, nimewakumbuka jamani.