Mama Ngurumo na Kiti Kiziwi

Wifi yangu huongea chinichini hata ukiwa naye jikoni inabidi umsogelee, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Ngurumo. Kazi yake ni kufunga vyombo vya sauti kumbini. Akiingia ukumbi wowote, hata kama amealikwa kula tu, kwanza hupiga kofi moja, hutega sikio kusikiliza mwangwi, kisha huanza kuyasema mapazia kuwa ni mepesi. Mume wangu anasema dada yake akifika peponi atauliza spika zimefungwa wapi.

Safari hii alijitakia makubwa. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alihitimu uuguzi na akachaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Mama mkwe masikio yamechoka. Kumbini husikia kelele, maneno hayapati. Alishatuambia kwamba akitoka kapa tena, hatakanyaga ukumbi maisha yake yote. Wifi akamwahidi mbele yetu kwamba atasikia hadi nukta.

Asubuhi ya mahafali alisimamisha spika moja kubwa kila upande wa jukwaa, akaziinamisha zielekee vichwa vya watu, kwa sababu sauti ikigonga ukuta wa nyuma hurudi imechelewa na kuyavuruga maneno. Akamkalisha mama yake katikati kabisa, kiti cha heshima, akasema maneno mawili matatu kwenye maikrofoni. Mimi niliyekuwa pembeni nilimsikia vizuri. Mama mkwe akatikisa kichwa. Wifi akaongeza sauti, mama mkwe akatikisa tena, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Mwanangu, usijisumbue," alisema. "Mimi nimeshazeeka."

Wifi, macho yamejaa machozi, aliendelea kuhesabu kwenye maikrofoni. Roho iliniuma, nikaenda kukaa karibu na mama mkwe ili nimbembeleze, na hapo nikashangaa: sauti ilikuwa imekonda, haina kifua. Nikahamia viti vinne pembeni, ikanenepa.

"Wifi, mama hana kosa," nilimwambia. "Kiti ndicho kiziwi."

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mbio akapanda juu ya meza, akachomoa betri ya saa ya ukutani, akaigusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza. Ile koni inayotikisika ndani ikaruka mbele. Akagusisha nyaya za spika ya pili. Koni ikarudi nyuma. Kumbe alikuwa amezigeuza nyaya za upande mmoja: spika hii ikisukuma hewa, ile inaivuta, na sauti zikikutana katikati zinamezana. Mganga hajigangi! Tulicheka hadi tukakaa sakafuni, naye akazigeuza nyaya. Saa ya watu tuliisahau, ikabaki imesimama.

Ukumbi ukajaa. Shemeji akapanda jukwaani, akawashukuru walimu, kisha akamgeukia mzazi.

"Mama yangu hakuwahi kunichapa hata siku moja," alisema.

Mama mkwe akajibu kutoka kiti cha katikati, bila hata kusimama.

"Mwongo huyo. Nimemchapa sana."

Watu walicheka hadi wengine wakapoteza kofia zao za mahafali. Nilimtafuta wifi, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya mitambo, analia na kucheka kwa pamoja.

"Amesikia, wifi," aliniambia. "Amesikia hadi uongo."