Ndege ya Vita Nyuma ya Duka la Vipuri

Ukuta wa jiko langu niliukandika kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo nilipoona mtu ameuchora nilikasirika kwanza, kuogopa kukaja baadaye. Ilikuwa miduara saba ya mkaa, mmoja mkubwa katikati na midogo pembeni, na ndani ya kila mmoja vijistari vimepangwa kama vya saa. Lakini saa haikuwa. Chini yake kulikuwa na kigoda, na mbele ya kigoda mwiko wangu wa ugali umechomekwa kwenye kopo la mchanga, umesimama wima kama umepandwa.

Nilijua ni mjukuu wangu, maana tulikuwa tunaishi wawili tu. Alikuwa kidato cha pili. Binti wa miaka kumi na mitano, mrefu, kichwa chepesi kwenye masomo, mdomo mwepesi zaidi. Siku za karibuni alikuwa anachelewa kutoka shule, akifika anasonga ugali huku ameinamisha shingo upande, na ghafla anageuka kutazama nyuma kama anafukuzwa. Nikasema moyoni, mtoto huyu kuna mahali anakwenda.

Lazima niseme habari ya macho yangu, vinginevyo hamtaelewa kwa nini miduara ile ilinitia baridi. Nilikuwa napika vitumbua hapo Kahama mjini, na moto wangu ulikuwa wa pumba za mpunga, kwa sababu mashine za kukoboa zilikuwa zinazimwaga tu nyuma. Moshi wa pumba unakula macho. Yangu yalikuwa mekundu miaka kumi na zaidi. Mahali pengine huo ni ugonjwa, unapewa dawa ya matone. Kwetu Usukumani, mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, na katika miaka ile ya tisini wazee wenzangu walikuwa wanakatwa mapanga kwa macho tu. Siandiki ya kusikia. Mmoja wao nilicheza naye utotoni.

Sasa mtu kama mimi anahitaji nini na alama ukutani?

Aliporudi nikamkalisha pale pale kwenye kigoda.

"Hii ni nini?"

"Ni ndege, bibi."

"Ndege iko wapi hapa?"

"Hizi ni saa zake. Hii inaonyesha uko juu kiasi gani, hii mafuta, hii mwendo. Mwiko ndio usukani. Najifunza ili nikifika kule nisisahau."

"Kule wapi?"

Akasema nyuma ya duka la vipuri, kwa Wahindi. Rafiki yake wa darasani ni binti wa duka lile, na wana mashine ya kurukia ndege za vita. Akasema hivyo hivyo, kama mtu anayesema wana cherehani.

Sikumwamini hata neno moja. Nilidhani kuna mwanamume. Nilipomaliza kudhani mwanamume nikadhani mabaya zaidi, maana watu walikuwa wanasema matajiri wa madukani na wa dhahabu hutumia watoto wa watu kutafutia utajiri. Kesho yake nikaacha vitumbua, nikajifunga kanga, nikamfuata kwa mbali tangu getini kwa shule mpaka dukani. Nikapita katikati ya rimu za baiskeli na mikanda ya mashine, nikafungua pazia bila hodi.

Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na bibi wa Kihindi wa rika langu, amekaa kwenye kiti cha plastiki anamenya vitunguu saumu. Binti yao alikuwa na kitabu mapajani, kinene kama Biblia. Na mjukuu wangu mbele ya kitu kama televisheni, mkono wa kulia kwenye fimbo fupi nyeusi, wa kushoto kwenye ubao wa herufi, hata hakugeuka.

"Karibu, mama," yule bibi akasema. "Umemfuata rubani?"

"Nimemfuata mtoto wangu."

"Ndiye huyo huyo. Kaa. Usiseme naye sasa, yuko vitani. Jana mimi niliongea kidogo tu, ndege ikaanguka, nikalaumiwa mimi."

Nikakaa, lakini mkoba sikuuweka chini.

Nilichokiona ni ardhi ya rangi ya tope, imelala upande, na anga. Kisha ardhi ikawa juu na anga chini. Binti wa duka alikuwa anasoma kitabuni na kubonyeza herufi, anasema, "Yuko kushoto kwako, mbali, anakuja." Mjukuu wangu akavuta fimbo kwa nguvu na kioo chote kikawa giza.

"Umeme umekatika?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Ukikata kona kali damu inatoka kichwani, rubani haoni. Nikilegeza nitaona."

Akalegeza, akaona. Kukatokea kijisanduku cha kijani, kikaizunguka ndege ya adui kwa mbali, isiyozidi inzi kwa ukubwa, mashine ikalia mlio mmoja mrefu, akabonyeza, moshi ukaenda. Yule inzi akawaka moto. Binti wa duka akapiga makofi. Mjukuu wangu hakupiga. Alikuwa anatazama saa ya mafuta.

Mwewe nimewaona wengi wakichukua vifaranga vyangu. Wote wanafanya kwa pupa. Huyu hakuwa na pupa. Nilimtazama na nikajisikia nimekuwa mrefu pale kwenye kiti.

Hata hivyo wasiwasi haukunitoka. Nikamgeukia yule bibi. "Mnapata faida gani, kumpa mtoto wa watu mashine kila siku?"

Hakukasirika. "Mashine aliiacha mtoto wa dada yangu alipokuja kututembelea kutoka Ulaya. Huyu wangu amesoma kitabu chote, lakini mkono unatetemeka. Wako kitabu hakijui, mkono anao. Mmoja bila mwenzake haruki. Na wakiwa hapa nawaona wote wawili. Unataka nikuambie nini tena?"

Nilirudi tena siku nyingine, na nyingine. Nilisema nakwenda kulinda. Kwa kweli nilikwenda kutazama. Kupigana alikuwa amekwishajua. Kilichomshinda ni kutua. Ndege inakuja kasi sana, au inakosa nguvu inadondoka kama gunia, au anasahau kuteremsha magurudumu. Alianguka mara ngapi sijui. Siku moja akatua. Akashusha magurudumu, akainua pua kidogo, akagusa barabara taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Bibi wa Kihindi akaacha vitunguu vyake. Akatua tena kesho yake, na mara ya tatu wiki iliyofuata. Nikarudi nyumbani nikasema kwenye foleni ya bomba la maji kwamba mjukuu wangu anaendesha ndege za vita.

Hilo ndilo kosa langu, na silibandiki kwa mtu mwingine.

Mtoto naye alikuwa anasema. Wanawake walimuuliza bombani, naye akajibu kweli tupu: nakaa chumbani, naruka mbali sana, leo nimewaua wawili, jioni narudi. Aliwaambia ni mchezo, ni mashine. Lakini wangapi mtaani kwetu walikuwa wameona kompyuta? Mtu anayekaa chumbani akaruka, akaua watu walio mbali, kisha akarudi kula ugali, kwetu alikuwa na jina tangu zamani, na chombo chake ni ungo.

Wiki ile ile jirani yangu akaletewa habari kwamba kaka zake wawili wamefukiwa na udongo kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, porini upande wa Geita. Nilikwenda msibani, nikakaa kwenye mkeka, nikapika. Siku ya tatu akaja jikoni kwangu kurudisha sufuria. Akasimama mlangoni. Akatazama miduara ukutani, akatazama mwiko kwenye kopo la mchanga, akanitazama machoni. Sufuria akaiweka chini kwa mbali, kama unavyomwekea mbwa.

Kuanzia hapo vitumbua vyangu vilianza kulala. Nikisalimia "wangaluka" asubuhi, watu wanajibu huku wanatembea. Wadogo waliokuwa wananipa shikamoo wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Sikuhitaji kuambiwa. Ile njia naijua inaishia wapi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja akiwa amevaa koti, jua kali.

"Mayu," akasema, yaani mama, "kuna maneno."

"Yaseme."

"Wanasema wewe umemfundisha mtoto kuruka. Wanasema ndugu wa jirani yako walikufa siku ambayo mtoto alisema ameua wawili. Mimi sisemi. Wanasema wao."

"Na wewe unaamini?"

Akakuna shingo. "Mimi nataka watu wangu walale."

"Basi njoo uone hiyo ndege. Na huyo jirani aje."

Nilikwenda kumwomba bibi wa Kihindi mwenyewe. Alifikiri sana. Naye alikuwa na lake la kuogopa: watu wakiamini vibaya, dukani kwake ndiko watakakoanza. Mwishowe akasema, "Waje mchana, na waje wachache."

Wakaja balozi, jirani yangu na wanawake wawili wa kumsindikiza. Wakajipanga ukutani bila kukaa. Asubuhi nilikuwa nimemwambia mjukuu wangu, "Leo ruka vizuri kuliko siku zote. Wakuone." Nilidhani wakiona jinsi alivyo hodari, aibu itawafunga midomo. Kiburi changu kilikuwa kinanidanganya bado.

Akaruka vizuri. Hajawahi kuruka vile. Walimjia wawili, akawavuta mpaka juu ya milima, akamwangusha wa kwanza, akakata kona, giza, mwanga, akamwangusha wa pili. Mlio ule mrefu ukalia mara mbili chumbani na wanawake wakashika vifua.

"Wawili tena," jirani yangu akasema polepole.

"Ni picha, mama," binti wa duka akamwambia.

Mjukuu wangu alikwishageuza ndege, anarudi. Barabara ikatokea mbele, mstari mdogo, ukawa mnene. Mwendo ulikuwa sawa, nilikuwa nimekwishajua kuusoma. Nikamsikia jirani yangu nyuma yangu anamwambia balozi, "Unaona? Wenzake wanakufa, yeye anarudi salama. Ndivyo walivyo. Hawaanguki."

Nikamgeukia balozi. Nikamtazama usoni, nikaona ameanza kukubali.

Kwetu wanasema mchawi mwenye nguvu hurudi kabla ya kukucha, na anayeanguka na ungo wake ameishiwa, hana la kuogopwa. Nilikuwa nimewaleta watu hawa waje waone mtoto akirudi salama. Hata mjinga wa mwisho asingefanya hivyo.

Nikainama sikioni kwa mjukuu wangu, nikamwambia kwa Kisukuma asiteremshe magurudumu.

Mkono wake ukasimama juu ya herufi. "Bibi, nipo sawa. Naiona barabara."

"Najua. Iache ianguke."

Akanigeukia mara moja tu. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akarudisha mkono kwenye fimbo, na herufi ya magurudumu hakuigusa. Ndege ikafika chini kwa tumbo, kioo chote kikawa moto mwekundu, mashine ikapiga kishindo, na wanawake wawili wakapiga kelele wakakimbilia pazia.

Mjukuu wangu amekaa pale pale, mikono mapajani.

"Amekufa?" balozi akauliza.

"Nimekufa," mtoto akasema. "Nikibonyeza hapa naanza upya."

Balozi akatazama moto, akamtazama binti, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua koti. "Kumbe na kutua hajui! Mayu, huyu ndiye unayetusumbua naye bombani? Huyu hata baiskeli usimpe!" Wale wanawake wakarudi, nao wakacheka, mmoja akamwita dereva wa tope.

Jirani yangu hakucheka. Alisogea mpaka karibu na kioo. "Hao wawili uliowaua," akamuuliza mtoto, "wana majina?"

"Hawana, mama. Wamechorwa tu."

"Hawana mama yao?"

"Hawana."

Akaanza kulia, kilio ambacho msibani sikukisikia kwake. Bibi wa Kihindi akampa kiti. Hakuniomba radhi, wala mimi sikuingoja. Hadi alipohama mtaa alikuwa akinitazama machoni kwanza, ndipo anasalimia. Lakini alisalimia, na wengine wakafuata, na vitumbua vikaacha kulala.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mjukuu wangu alikuwa amevimba kwa hasira.

"Wananicheka, bibi. Kesho shule nzima itajua."

"Wacheke."

"Ningetua. Ilikuwa imekaa vizuri kuliko zile tatu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini, yote, na mapanga nikayataja. Alikuwa mkubwa wa kutosha. Akanishika mkono, jambo ambalo tangu aingie sekondari alikuwa ameliacha.

Mtaani walimwita dereva wa tope mpaka alipomaliza shule. Nilikuwa nasikia na nanyamaza, na kunyamaza si desturi yangu. Sasa wengi wao wamekufa au wamehama, na mimi sina wa kumwogopa, kwa hiyo naandika: mtoto yule alikuwa anajua kutua.