Mwakani Kivinje

Kutoka kwetu Mitole hadi Kilwa Kivinje si safari ya kuaga watu. Bodaboda anakufikisha asubuhi ikiwa bado mbichi. Nalisema hili mapema ili ujue nilikuwa mume wa namna gani, maana mke wangu aliniomba safari hiyo tangu mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa.

Aliuona mji ule mara moja tu, akiwa darasa la sita, walipopelekwa na mwalimu wao. Alirudi na jambo moja kichwani: nyumba za ghorofa za zamani, milango ya nakshi, na mabaraza ya mawe ambapo mtu na mkewe walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa mchana kweupe, hawana shamba linalowaita. Alitaka na sisi tukae hivyo siku moja. Wawili tu, bila watoto.

"Mwakani," nilimwambia. Mwaka huu nguruwe wameingia shambani. Mwaka huu ufuta umechelewa. Kila mwaka ulikuja na nguruwe wake. Akiniambia ngoja ngoja huumiza matumbo, namjibu haraka haraka haina baraka, tunacheka, naye anachukua ndoo anakwenda kuteka maji. Mimi nilidhani kucheka kule ni kukubali.

Alifariki wakati wa kuvuna ufuta, kwa homa ya siku nne.

Sisi ni Wamwera, na Wangindo ni watani wetu. Msiba ukitufika, wao huja kutuchokoza ili huzuni isituzike na sisi. Watavaa nguo za marehemu, watatembea kama yeye, watamsema na kumsemea. Mtani hakasirikiwi, hata mtoto analijua hilo. Alikuja mmoja, mwanamke aliyekuwa jirani yetu miaka mingi kabla hajaolewa Kivinje. Siku ya tatu, watu wameketi kwenye majamvi, akatoka ndani amejifunga khanga ya mke wangu, kapu lake mkononi, mguu wa kushoto akiuburuza kidogo kama yeye. Akakohoa vile vile alivyokohoa mke wangu kila alipotaka kunisema. Na sauti, Mungu wangu, ilikuwa yake.

"Baba watoto, mwakani imefika. Mimi natangulia Kivinje. Wewe baki na nguruwe wako."

Matanga yote yakaangua kicheko. Mimi nikainuka, nikampokonya kapu na khanga, nikamfukuza uwanjani kwangu mbele ya watu wote. Wazee walinikemea, sikuwasikia. Hasira zangu siku zote ziko karibu kuliko akili zangu, na siku ile alikuwa amesema kweli.

Arobaini ilipopita, watu wakatawanyika na nyumba ikanyamaza. Ndipo nilipong'amua nilichokifanya. Simu yangu ni ya tochi, haihifadhi sauti ya mtu. Watoto wana picha za mama yao, lakini picha haikohoi. Sauti ya mke wangu ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu, na huyo nilimfukuza kama mbwa. Nikamkamata jogoo wangu mweupe, nikamfunga miguu. Khanga nikaitia kwenye mfuko, nikaenda Kivinje.

Nilimkuta sokoni anakaanga samaki. Nikamsalimia mimi kwanza, ingawa ni mdogo kwangu, nikamwekea jogoo miguuni. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Mtani, jogoo mwenyewe amekonda kama wewe. Huko Mitole siku hizi mnakula nini?"

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Nikamweleza nilichokijia. Akafuta mikono taratibu.

"Matanga yamekwisha, mtani wangu. Mtu akishasomewa arobaini yake haigizwi tena. Anaachwa apumzike."

"Mila naijua. Lakini aliniambia anatangulia, nami sikumjibu."

Samaki mmoja akaanza kuungua, akamgeuza. Kisha akamwomba mwenzake amwangalizie karai, akanyoosha mkono kuipokea khanga.

Tulitembea. Mji wenyewe umechoka. Ghorofa nyingi zimebaki kuta, mizizi imekamata mawe, na mbuzi wanalala palipokuwa sebule za watu. Milango ya nakshi niliyoiona haikufika hata idadi ya vidole vya mkono mmoja. Upande wa pwani maji yalikuwa yamekupwa, limebaki tope na mikoko. Niliona aibu, kama mtu aliyemkaribisha mgeni kwenye nyumba chafu. Mtani wangu alikuwa pembeni yangu, amejifunga ile khanga, anauburuza mguu wa kushoto kidogo.

Tukafika kwenye nyumba moja ambayo baraza lake bado zima. Tukakaa. Muuza kahawa aliyekuwa akipita akatumiminia vikombe viwili. Nikasubiri. Mwishowe akakohoa.

"Baba watoto."

"Naam."

"Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa, mke wangu."

Akageuka akatazama njia tuliyojia, akaitazama kwa muda.

"Kumbe ni karibu hivi?"

Tangu Mitole nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi. Yote yalinipotea. Nililia pale barazani mchana kweupe, mtu mzima, watoto wa shule wanapita wananitazama. Pale msibani sikuwa nimelia hata tone.

Mtani wangu hakusema tena kwa sauti ile, wala sikumwomba. Aliivua khanga, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba samaki watamharibikia. Nikamwambia amalize kwanza kahawa yake. Akakitazama kile kikombe, bado kimejaa, akasema hakikuwa chake.